Aliyefungiwa kwa ajili yetu, nani alimlisha?

"Tulikaa ndani miezi, na hakuna aliyekufa kwa kukaa ndani."

Maneno hayo ni ya shemeji yangu. Tulikuwa tumeshakula, yeye ameegemea kiti, kijiti cha meno mdomoni, anatuhutubia kuhusu gonjwa lijalo. (Tangu Korona, kila mtu ni mtaalamu wa magonjwa.) Likija, alisema, watu wafungiwe mapema, na atakayetoka aonje virungu. Nikamwambia, "Shemeji, wewe mshahara uliingia kila mwezi." Akanijibu nisilete siasa mezani.

Haya, naileta hapa.

Nimpe kwanza haki yake, ingawa kwa shingo upande: karantini inafanya kazi. Mji wa Ragusa, ambao leo ni Dubrovnik nchini Kroatia, uliamuru mwaka 1377 kwamba watokao sehemu zenye tauni wakae nje ya mji siku 30 kabla ya kuingia. Baadaye siku zikawa 40, na ni kutokana na neno la Kiitaliano la arobaini kwamba tunasema karantini hadi leo. Watu wale hawakuwajua bakteria, lakini kuhesabu siku walijua. Na Korona iliambukizwa hata na watu wasio na kikohozi wala homa, kwa hiyo ukisubiri mtu aanguke kitandani ndipo umtenge, umeshachelewa. Sibishani na hilo.

Nabishana na gharama. Anayejitenga ana faida gani? Kama virusi vimeshaingia mwilini, mlango kufungwa hakumponyi. Anajifungia ili mimi na wewe tusiugue. Anatufanyia kazi, tena kazi ambayo badala ya kulipwa, anailipia yeye.

Kila ninaposikia watu wanamtaja Mary Mallon kama shetani, yule mpishi wa New York waliyembandika jina la "Typhoid Mary", damu inanichemka. Alibeba vijidudu vya homa ya matumbo bila kuugua, akaambukiza watu katika nyumba alizopikia. Walimkamata mwaka 1907, wakamweka kisiwani, wakamwachia mwaka 1910 kwa sharti kwamba asipike tena. Wakamwelekeza kwenye kazi ya kufua, yenye ujira mdogo kuliko upishi. Wakarudi ofisini, nadhani, wakijipongeza. Mwaka 1915 wakamkuta anapika hospitalini kwa jina la bandia, na watu 25 wameugua, wawili wakafa. Hapo simtetei. Mtu aliyeahidi kutopika akaenda kupika hospitalini! Lakini walimrudisha kisiwani akakaa huko hadi alipokufa mwaka 1938, wakati wabebaji wengine wenye afya kama yeye walijulikana na hawakufungwa maisha. Swali langu ni dogo: kumlipa mwanamke huyo mshahara wa mpishi akae bila kupika kungegharimu nini, ukilinganisha na zaidi ya miaka 20 ya kumlinda kisiwani?

Nina sababu ya kuumia hivi. Wakati wa Korona, mwenzetu mmoja kazini aliugua, na sote tuliokuwa karibu naye tukaambiwa tujitenge siku 14. Nilijitenga vizuri sana. Nilikuwa na chumba, kompyuta na mshahara. Nilimaliza hata kupanga vitabu. Mama aliyekuwa akifanya usafi pale alipewa agizo lile lile, neno kwa neno, pamoja na ile sentensi ya kukaa katika chumba chako peke yako. Yeye alilipwa kwa siku, na chumba chake walilala watu watano. Siku ya nne akaonekana anafanya kibarua mahali pengine. Taarifa ikatufikia, na kwenye kundi letu la simu akaitwa muuaji. Mimi sikumwita hivyo. Niliandika tu, "Inasikitisha." Kauli safi kabisa. Sijawahi kuandika kitu cha aibu kuliko hicho, na nimeandika mengi.

Hakuna aliyeuliza anakula nini.

Miaka zaidi ya 350 iliyopita watu walijua kuuliza. Kijiji cha Eyam, Uingereza, kilipojifungia mwaka 1666 ili tauni isitoke, vyakula viliachwa mpakani, wanakijiji wakavifuata. Wengi walikufa, lakini wa nje walielewa kwamba wanadaiwa. Sasa linganisha na Melbourne, Australia, tarehe 4 Julai 2020: watu wapatao 3,000 katika maghorofa tisa ya serikali walifungiwa saa ile ile, polisi mlangoni, kabla hata ya kununua maziwa ya mtoto. Malalamiko ya chakula kuchelewa yakafuata. Au West Point, mtaa wa Monrovia, Liberia, Agosti 2014, wakati wa Ebola: mtaa mzima ulizungushiwa askari, watu wakaandamana, kijana wa miaka 15 akapigwa risasi akafa. Siku kumi baadaye karantini ikaondolewa.

Mengine nayapitia haraka. Viongozi waliovunja sheria zao wenyewe: Boris Johnson, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, alipigwa faini Aprili 2022, tukacheka, basi. Programu za simu za kufuatilia nani kakutana na nani: zifutwe gonjwa likiisha. Kumwacha mtu afe bila mkono wa mwanawe, kwa jina la usalama, wakati mavazi ya kinga yapo na mtoto yuko tayari kuyavaa? Hilo siwezi kulijadili kwa utulivu, kwa hiyo naliacha.

Shemeji alikuwa na hoja moja ya kweli: ukiwalipa watu kwa kujitenga, kila mtu atadai kakutana na mgonjwa. Watakuwapo, ndiyo. Lakini mwongo anayejifungia ndani siku 14 hamwambukizi mtu. Nipe waongo mia wa namna hiyo kuliko mkweli mmoja mwenye homa ndani ya basi lililojaa, anayekwenda kazini kwa sababu watoto hawajala.

Mwisho nikamuuliza: likija hilo gonjwa lako, ukaambiwa ukae ndani, na mshahara usimame, utakaa?

Kijiti cha meno kikatulia.

"Siku ngapi?" akauliza.