Makumbi ya Nazi Yakishanasa Risasi, Yapelekwe Wapi?

Mwaka 2020 mahakama mjini Mombasa iliamuru wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, baada ya kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kuwaachia risasi, ile metali yenye sumu, katika mazingira yao. Katika pwani iliyojaa minazi, pendekezo la kusafisha majitaka ya viwanda vya namna hiyo kwa makumbi ya nazi linavutia, nami naliunga mkono, ila kwa masharti.

Wanaolitetea wana hoja yenye mashiko. Selulosi na lignini, viambata vya nyuzi za makumbi, huvuta ayoni (chembe zenye chaji ya umeme) za risasi na za kadimiamu, metali nyingine yenye sumu, na kuzishikilia, hata pale metali inapokuwa kidogo sana majini, kiasi ambacho chokaa, dawa iliyozoeleka viwandani, hushindwa kukimaliza. Hilo si jambo dogo, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani linataka risasi katika maji ya kunywa isizidi miligramu 0.01 kwa lita.

Hata hivyo, maji ya maabara si maji ya mtaro wa kiwanda. Makumbi mabichi hutoa rangi ya kahawia, kwa hiyo lazima yaoshwe hadi maji yatoke meupe, yakaushwe na kukatwakatwa kabla ya kujazwa kwenye pipa la kuchujia. Maji ya betri nayo yana asidi kali. Asidi ikizidi, ayoni za haidrojeni huwahi nafasi ambazo risasi ingeshika, na sumu ikapita huku maji yakionekana safi kwa macho. Ndiyo maana naona chokaa itangulie, ipunguze makali ya asidi na kutuamisha sehemu kubwa ya risasi, kisha makumbi yamalizie mabaki.

Linalonitia hofu zaidi ni makumbi yaliyokwisha kazi. Risasi haiozi wala haiteketei kwa moto. Imehama tu kutoka majini. Tuseme gramu moja ya makumbi imenasa miligramu 20: gunia la kilo 50 litakuwa limebeba kilo nzima ya risasi, na kwa macho halitofautiani na gunia la makumbi ambayo mama huwashia jiko au mkulima hutandaza shambani. Kuyaosha kwa asidi ili yatumike tena kunawezekana, lakini asidi hiyo nayo hubaki na risasi ile ile. Kabla ya kuruhusiwa kusimika pipa la kwanza, kiwanda kionyeshe makumbi hayo yatafungiwa wapi, nani atayapima, na nani atalipia.