Dola 60 za Kuwa Haramia, Buti Hazimo

Jamani, tuseme ukweli. Duka la Halloween, ile sherehe ya 31 Oktoba ya kuvaa mavazi ya kutisha na ya kuigiza, huku Marekani ndilo duka pekee ambalo mtu anaingia amependeza, anatoa hela yake halali, anatoka na mfuko wa kumgeuza maiti. Na foleni ipo! Wiki ya mwisho ya Oktoba foleni inazunguka mpaka kwenye majeneza ya plastiki, na watoto wanaolia pale hawaogopi kitu. Wanalia saizi yao imeisha.

Haya, chukua mfuko wa vazi. Picha ya mbele ina haramia kamili: kofia, wigi, mkanda, upanga, buti mpaka magotini. Sasa geuza, usome yale maandishi ya sisimizi. Kilichomo ni shati, kizibao na kitambaa cha kichwa. Suruali? Uje na yako. Buti? Bahati ikikuangukia utapata vipande viwili vya ngozi bandia vyenye lastiki ya kupitisha chini ya kiatu. Ukitembea hatua chache vinazunguka, kisigino kinakuwa mbele, haramia anaonekana anarudi alikotoka.

Saizi nayo ni kesi. Herufi iliyoandikwa pale haijuani kabisa na herufi ya nguo zako za kila siku. Kitambaa ni poliesta isiyovutika, kwapani wamepitisha mshono mmoja tu. Inua mkono umsalimie mtu, trrrr! Achana na herufi, angalia jedwali la inchi za kifua na kiuno, kisha panda saizi moja. Mkazi wa jimbo la baridi la Minnesota apande mbili, maana sweta lazima likae ndani. Mwaka 1991 dhoruba ya theluji ilianza Minneapolis, jiji la jimbo hilo, tarehe 31 Oktoba yenyewe, na ilipotulia theluji ilikuwa imepita sentimita 70. Mvalishe mtoto koti juu ya mabawa ya kipepeo uone kama kuna atakayemtambua. Watadhani kaficha begi la shule.

Lakini vituko vyenyewe viko kwenye rafu ya meikapu. Utakuta kikopo cha nta ya kutengenezea makovu kimeandikwa “rangi ya ngozi”. Unafungua: waridi! Ngozi ya nani hiyo? Ukiibandika shavuni ilivyo, hutishi mtu, watakuuliza nani kakutupia bigijii. Nta yenyewe haina ubaya. Chukua kidogo, ikande vidoleni ilainike, ibandike kwenye ngozi kavu isiyo na mafuta, kingo uzisawazishe kwa kidole chenye vaselini kiduchu mpaka zipotee. Halafu ifunike kwa fandesheni ya rangi yako, uigongegonge kwa sponji bila kuburuta, ndipo uichane kati kwa kijiti. Damu chagua ile nzito iliyoelekea kahawia. Nyekundu inayong'aa kwenye ngozi nyeusi inasema tomato tu. Na jeraha la kuvilia damu tumia zambarau iliyokolea na hudhurungi. Manjano waliyoipanga kwenye seti haitaonekana hata ukaimaliza.

Rangi nyeupe ndiyo inauma zaidi. Umekua ukifokewa na mama yako, “Paka mafuta, umepauka!” Leo unalipa dola kadhaa upauke kwa hiari. Ile nyepesi ya kuchanganya na maji ukiipaka tabaka moja inatoa kijivu, si mzuka. Tafuta ya mafuta, gonga tabaka jembamba, poda, tabaka la pili, poda tena. Subiri dakika moja ndipo upukute poda iliyozidi. Wasio na subira huruka hatua ya poda, na saa mbili usiku uso wote umehamia kwenye kola.

Lateksi ya maji, yaani mpira wa majimaji wa kutengenezea ngozi bandia, inanuka amonia mpaka machozi yatoke. Ijaribu siku moja kabla, upande wa ndani wa mkono. Wapo ambao mpira unawawasha. Ikipita salama, paka tabaka jembamba, bandika karatasi laini ya chooni ya ply (tabaka) moja iliyochanwachanwa, paka tena, kausha kwa draya upande wa baridi. Nyusi na ndevu zikae mbali, kwa sababu ikikauka inakamata nywele, na ukiivuta inaondoka nazo zote.

Na zile lenzi za macho ya paka zinazouzwa kaunta bila kuulizwa chochote, ziache hapo hapo. Tangu 2005 sheria ya Marekani inazihesabu kama kifaa cha tiba hata kama ni za urembo tu, na muuzaji anatakiwa adai cheti cha daktari wa macho. Asiyedai anavunja sheria, na anayebaki na kidonda jichoni ni wewe.

Kuondoa ndiko watu wanakokosea. Sabuni peke yake inahamisha rangi ya mafuta kutoka shavuni kwenda sikioni. Anza na mafuta ya mtoto, futa kwa pamba, ndipo uoshe. Gundi ya masharubu ina dawa yake ya kuitoa, chupa ya pembeni, na bila shaka haimo kwenye seti.

Ukisema urudishe vazi, keshia anakuonyesha bango: meikapu iliyofunguliwa hairudi, wigi hairudi. Tarehe 1 Novemba lile vazi lako linaning'inia mlangoni nusu bei, na buti bado hazimo.