Ulimi Wangu Haumo Kwenye Sare

Wiki iliyopita tangazo limebandikwa kwenye ubao wa wafanyakazi, pembeni ya ratiba ya zamu, likiwa limegongwa mhuri utadhani hati ya kiwanja. Kipengele cha nne: "Wahudumu wote wanaokutana na wageni hawaruhusiwi kuvaa kipini au pambo lolote ulimini, kwani haliendani na maadili yetu." Wahudumu wote! Hoteli nzima mwenye kipini ulimini ni mmoja, na ndiye anayeandika hapa. Wangetaja tu jina langu, wino usingepotea bure.

Kipengele cha tano, mstari unaofuata: "Mhudumu atabasamu na kuonyesha uchangamfu muda wote."

Sasa naomba nieleweshwe. Kipini changu kiko katikati ya ulimi, kigololi chake ni saizi ya choroko. Nikifunga mdomo, hakipo. Nikisema "Karibu, naomba pasipoti yako", hakipo. Ili ukione inabidi nicheke cheko lenyewe, la kutupa kichwa nyuma, au wewe uje kunichungulia mdomoni, na hapo mwenye matatizo ya maadili siyo mimi. Nikikitii cha tano vizuri, nimekivunja cha nne. Sijui walioandika walikuwa wawili tofauti na hawaongei.

Nimeuliza ni mgeni gani aliyelalamika. Hakuna. Aliyelalamika ni rafiki wa bosi, alikuja Jumapili kula samaki na familia yake. Mwanawe mdogo alisimama mbele ya kinyago cha mapokezi akakiamkia "Shikamoo bibi". Nani asingecheka? Nikacheka, baba mtu akaona, Jumatatu tangazo likaandikwa.

Na hicho kinyago ndicho kilichonifanya nikae kuandika, maana tangazo peke yake ningelimeza. Kimesimama hatua mbili kutoka kwenye kaunta yangu. Ni mpingo, kazi ya Kimakonde, kilinunuliwa na bosi mwenyewe Mwenge, kwenye soko la wachonga vinyago. Mama amebeba mtungi, ana chale mashavuni, na mdomo wake wa juu umetobolewa ukavishwa ndonya, kile kisahani cha mdomoni. Kila Ijumaa kaka wa usafi anakipaka kiwi nyeusi ya viatu kipate kung'aa, halafu anafunga kitambaa kwenye kidole na kupitisha taratibu kuizunguka ndonya, kwenye ule mfereji kati ya mti na mti, vumbi lisigande. Wageni wanapiga picha nacho. Wakiuliza, anayejibu ni mimi, na maneno nimefundishwa: kwamba akina mama wa Kimakonde kule Newala na Mtwara walitogwa mdomo wangali wasichana, tundu likapanuliwa kidogo kidogo, na ndonya ikawa urembo wa mwanamke na fahari yake. Naeleza vizuri tu, kwa majivuno, huku mdomoni mwangu nina kitu ambacho hakiendani na maadili yetu.

Toka nje mpaka getini. Pale yuko mlinzi wetu Mmasai, shuka nyekundu, rungu, ndewe za masikio zimepanuliwa hadi kidole gumba kinapita, shanga zinaning'inia. Hoteli imempa sare ya mlinzi? Thubutu! Siku moja alikuja na suruali na koti kwa ajili ya baridi ya mvua, akaambiwa arudi akavae "kiutamaduni". Wote tunamwita Morani na yeye anaitika, jina lake halipo hata kwenye beji. Nilipomwonyesha tangazo alicheka mpaka akaegemea geti. "Dada, kumbe hako kadogo ndiko kanawauma?"

Ukitaka uchungu zaidi, kumbuka historia. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati ule, ulitangaza Operesheni Vijana, na Januari 1969 msako ukaanza: vimini, mawigi, krimu za kujichubua, suruali za kubana. Vyote si utamaduni wetu, tukaambiwa. Miaka hiyo hiyo Wamasai nao wakaandamwa waache shuka na udongo mwekundu, wavae suruali wafanane na taifa linalojenga maendeleo. Yaani shuka ilikuwa aibu ya nchi. Leo shuka ile ile inalipwa mshahara kusimama getini, na aliyevaa suruali ndiye anayerudishwa nyumbani. Kwa hiyo mtu akiniambia "maadili yetu" namuuliza: ya mwaka gani?

Ninavyoona mimi, hakuna anayegombana na tundu. Tundu linaloingiza hela ya mgeni tunalipaka kiwi. Tundu ambalo msichana wa mapokezi ameamua kujitoboa kwa hela yake, kwa sababu alipenda tu, bila ukoo wala mtalii kunufaika, hilo ndilo uhuni. Na mgeni naye akija na kipini chake ulimini? Wamekuja, tena wengi, wengine wana pete puani na nyusi zimetobolewa. Tunawapa juisi ya ukwaju na taulo baridi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuambiwa asubiri nje.

Mama yangu, mtu wa Tanga, ana kipini cha dhahabu puani tangu kabla sijazaliwa. Nilidhani atanielewa. Hakuongea na mimi tangu Ijumaa hadi Jumapili. "Pua ni pua, mwanangu. Ulimi ndio wa kumwombea Mungu." Nikamwambia na pua Mungu ndiye aliyeipulizia pumzi. Hapo ndipo hasira ziliongezeka. Lakini mama ana haki ya kununa, ni mama. Hoteli hainilipi kwa umama.

Haya, nikubali yanayokubalika, ingawa meno nimeyauma. Ndiyo, siku za mwanzo ulimi unavimba na maneno yanatoka ya ajabu, na mtu wa kaunta hawezi kuwaambia wageni "karibu thana". Ndiyo maana nilitobolewa likizoni, nikashinda nasukutua maji ya chumvi na kunywa uji uliopoa, na niliporudi kazini nilikuwa natamka "dhahabu" na "thelathini" kama mtangazaji wa redio. Ndiyo, madaktari wa meno hawavipendi hivi vipini: chuma kinaweza kuvunja jino, kinaweza kusukuma fizi zikashuka. Meno ni yangu. Na wapo wanaokaa wanakigonga kwenye meno, tk-tk-tk, mteja akiwa mbele yao. Hao waonywe, sitawatetea. Jikoni pia, kigololi kikilegea kikaangukia mchuzi ni kesi nyingine. Mimi sipiki.

Meneja utumishi, mama wa heshima ambaye namwamkia shikamoo kila asubuhi, alinivuta pembeni na suluhisho. "Mwanangu, si kuna vya plastiki, visivyoonekana? Vaa hicho." Kumbe vipo vinavyokubalika! Tundu lile lile, ulimi ule ule, maadili yamepona kwa sababu chuma kimegeuka plastiki. Afadhali bosi aliyesema wazi kwamba rafiki yake hakupenda.

Najua mtaniuliza kama sheria inanilinda. Nimeisoma. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza ubaguzi kwa rangi, kabila, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu, umri na mengineyo. Kipini hakimo, msijidanganye. Lakini sheria hiyo hiyo inasema kumwachisha mtu kazi kunataka sababu halali na utaratibu wa haki, na "rafiki wa bosi aliona" ningependa kumsikia mtu akiisoma kwa sauti mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Tumepewa fomu ya kusaini kwamba tumelisoma tangazo. Nimesaini kwamba nimelisoma. Chini yake nikaandika maswali mawili: kipengele gani cha mkataba wangu kinataja mdomo, na yule bibi wa mapokezi atavuliwa ndonya lini. La pili mama wa utumishi amelikata kwa kalamu nyekundu mbele ya macho yangu. "Usinitafutie balaa." La kwanza amelipeleka juu.