Sensa isiyouliza dini

Agosti 2022 makarani wa sensa walipita nyumba kwa nyumba na vishikwambi vyao wakiuliza umri, elimu, ulemavu, aina ya choo na maji ya kunywa yanatoka wapi. Walihesabiwa watu 61,741,120. Hakuna aliyeulizwa dini yake, na imekuwa hivyo katika kila sensa ya Tanzania tangu ile ya 1967, ya mwisho kuwa na swali hilo.

Miaka kumi kabla, kimya hicho nusura kiharibu kazi nzima. Sensa ya Agosti 2012 ilipokaribia, baadhi ya taasisi za Kiislamu zilitaka kipengele cha dini kirudishwe, la sivyo waumini wao wasihesabiwe. Serikali ikakataa. Wapo waliogoma kweli, wapo waliokamatwa, na makarani katika baadhi ya mitaa walikuta milango imefungwa. Ilipofika 2022 mgomo wa namna ile haukuonekana, lakini hoja yenyewe haijafa. Ukikaa kijiweni dakika chache, au ukisoma mabishano ya mitandaoni baada ya uteuzi wowote, utaisikia.

Msimamo wa serikali una mizizi kwenye Katiba. Ibara ya 3 inasema Jamhuri ya Muungano ni nchi isiyokuwa na dini. Ibara ya 19 inaacha imani kuwa hiari ya mtu, na inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Sensa ni ya kupanga maendeleo, wanasema watetezi wa msimamo huo. Zahanati haijengwi kwa ajili ya Waislamu wala kisima hakichimbwi kwa ajili ya Walutheri, sasa takwimu hiyo ya nini?

Hoja ina uzito, ila inapunguzwa nguvu na mazoea ya dola yenyewe. Nenda kituo cha polisi utoe maelezo: jina, umri, kabila, dini, kazi. Panda kizimbani kutoa ushahidi, dini yako itaandikwa kabla hujasema neno, maana kiapo chako kinaitegemea. Fomu za kujiunga na shule nyingi zinauliza. Hatuwezi kusema kumuuliza Mtanzania dini yake ni mwiko wakati tunamuuliza kila siku. Kinachokwepwa ni kujumlisha majibu.

Na wanaodai kujumlishwa hawakuanza leo, wala hawadai kwa ukorofi. Historia ya elimu nchi hii inajulikana. Shule za wamisionari zilijikita Kilimanjaro, Bukoba, Rungwe, Songea. Mzazi wa Kiislamu Kilwa au Ujiji aliogopa kumpeleka mwanawe shuleni akarudi na jina jipya, na hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Uhuru ulipokuja, waliokuwa tayari na vyeti ndio waliojaza ofisi. Serikali ya Mwalimu Nyerere ilitaifisha shule za misheni ili mlango uwe wazi kwa wote, na hilo lilisaidia. Lakini mwaka 1968 ikapigwa marufuku EAMWS, jumuiya ya Waislamu wa Afrika Mashariki iliyokuwa na mipango ya elimu, na nafasi yake ikachukuliwa na BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania. Waislamu wengi hadi leo wanaona hapo mkono wa dola uliingia msikitini. Kisha mwaka 1992 serikali ikatia saini hati ya makubaliano na makanisa, yaani Jumuiya ya Kikristo Tanzania (CCT) na Baraza la Maaskofu Katoliki (TEC), kuhusu huduma za afya na elimu. Fedha za umma na watumishi wanaolipwa na serikali wanakwenda hospitali za makanisa. Muumini anayeyatazama haya kwa pamoja anauliza: tuko wangapi, na tunapata kiasi gani? Kumjibu kwamba nchi haina dini ni kumnyamazisha tu.

Upande wa pili wana majibu yao, na si mepesi. Bugando pale Mwanza ni hospitali ya maaskofu Wakatoliki, lakini mgonjwa haulizwi shahada wala ubatizo ndipo apewe kitanda. Serikali ikitoa fedha zake pale, inanunua huduma ambayo ingetakiwa iijenge yenyewe. Isitoshe, hati ile ya 1992 ilisainiwa Mzee Mwinyi akiwa Rais, naye Mwislamu. Majengo yaliyokuwa ya TANESCO Morogoro, ambamo Chuo Kikuu cha Waislamu kilianza mwaka 2005, yalitolewa na serikali ya Mkapa, Mkatoliki. Anayepima haki kwa dini ya aliyeko Ikulu atapata shida na mifano hiyo miwili.

Hata hivyo watu wanapima. Orodha ya wakuu wa wilaya ikitoka jioni, kabla ya saa mbili usiku makundi ya WhatsApp yameshaanza kuhesabu majina. Juma huku, Yohana kule. Hesabu yenyewe mbovu: nchi hii ina akina Hamisi waliobatizwa na akina Rose wanaofunga Ramadhani, na wengine wengi wana majina ya Kisukuma au Kigogo yasiyosema lolote. Lakini ndiyo hesabu pekee waliyonayo, na kila mtu anaondoka na jawabu alilokuja nalo. Hapa ndipo naikubali hoja ya wanaotaka swali lirudishwe. Tafiti za nje, za kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kwa mfano, zinakadiria Wakristo kuwa zaidi ya nusu na Waislamu karibu theluthi moja. Wasiozipenda wanasema zimepikwa, na sisi wenyewe hatuna takwimu ya kuthibitisha wala kukanusha.

Majirani wamelithubutu. Kenya inauliza dini, na sensa ya 2019 ilionyesha Waislamu wapatao asilimia 11. Uganda nayo inauliza. Hakuna iliyowaka moto kwa sababu ya swali hilo. Ila Kenya hiyohiyo inafundisha kitu kingine: mwaka 2010 serikali yake ilikataa matokeo ya sensa ya 2009 katika wilaya nane za kaskazini, ikisema idadi zimevimba. Ugomvi ule haukuwa wa dini, lakini kiini chake ni kilekile. Idadi ikishafungamanishwa na fedha au viti, kila upande unakuwa na sababu ya kuivimbisha. Lebanon ilihesabu dini mwaka 1932, ikagawa madaraka kwa hesabu hiyo, na haijathubutu kufanya sensa rasmi tena, kwa kuwa idadi mpya ingevunja mgao wa zamani.

Halafu kuna kaya zetu zenyewe. Mkuu wa kaya Mwislamu, mke Mlutheri, bibi anayetambikia makaburi ya wazee, kijana wa chuo ambaye hajasali tangu kidato cha nne. Karani anamhoji mtu mmoja kwa niaba ya wote. Bibi yule ataandikwa nani? Sensa ya 1967 iliwakuta wafuasi wa dini za jadi wakiwa sehemu kubwa ya wananchi. Leo wengi wao wangejisitiri chini ya dini mojawapo kati ya mbili kubwa, na idadi ingetudanganya kwa muhuri wa serikali.

Ninachokiona ni hiki. Malalamiko ni ya kweli, ila sensa haiwezi kuyatibu. Chukulia kesho tunaambiwa Waislamu ni asilimia 35, au 45. Idadi hiyo haitamweleza mzazi wa Lindi kwa nini shule ya kata ya mwanawe haina mwalimu wa hisabati. Wala haitaeleza kwa nini Simiyu na Katavi, ambako Waislamu si wengi, nako watoto wengi wanaishia njiani. Majibu hayo yako kwenye ikama ya walimu, matokeo ya mitihani kwa kila halmashauri na orodha za wanaopata mikopo ya elimu ya juu. Takwimu hizi serikali inazo, na kuzichambua hakuhitaji kumuuliza mtu anasali wapi.

Kwa hiyo swali la dini liendelee kubaki nje ya sensa. Lakini serikali ikilikataa, inabaki na deni. Itangaze kila mwaka, hospitali kwa hospitali, fedha na watumishi wanaokwenda kwenye taasisi za dini zote, na masharti ambayo msikiti au kanisa lolote lenye hospitali linaweza kuyatimiza likapata vilevile. Nafasi za kazi za umma zitangazwe na usaili uwe wazi kiasi kwamba aliyekosa anaweza kuona alama zake. BAKWATA iachwe mikononi mwa Waislamu wenyewe, kama ibara ya 19 inavyotaka. Sensa hufanyika kila baada ya miaka kumi, kwa hiyo inayofuata ni ya 2032. Hayo yasipofanyika kabla ya hapo, wanaodai kipengele cha dini watarudi wakiwa na hoja nzito kuliko ya 2012, na mimi sitakuwa na cha kuwajibu.