Safu Zilizofichwa: Mshahara wa Mgeni na wa Mwenyeji Kampala

Kosa lilikuwa langu, mimi mtu wa mishahara wa kampuni. Mwezi wa kulipa posho ya likizo niliwatumia wakuu wa idara faili la Excel lenye majina ya watu wao, nikasahau kwamba safu tano za katikati nilikuwa nimezificha tu, sijazifuta. Mtu akabofya, safu zikafunguka. Ilipofika saa saba mchana, pale kwa mama wa chakula nyuma ya bohari yetu Nakawa, kila mtu alikuwa anajua mhandisi kutoka Ulaya analipwa kiasi gani, na kwamba nyumba, gari na ada za watoto wake haziko hata ndani ya kiasi hicho.

Fundi mkuu wetu, Mnubi wa Bombo, mji mdogo kaskazini mwa Kampala, mwenye miaka 14 kazini, alikuja na sahani yake ya matoke akaketi mbele yangu. Kwa Kiswahili, kama tunavyozungumza siku zote, aliniambia: "Kijana wangu, mimi na yule tunafungua pampu moja. Yeye anashika spana, mimi nashika spana. Sasa hiyo tofauti ni ya nini?"

Nikamwambia, mzee, nipe siku mbili. Zimepita nyingi zaidi ya hizo.

Kwanza niondoe yale ambayo meza nzima iliyakosea siku ile. Mmoja alisema wageni hawalipi kodi. Wanalipa. Wasiolipa ni wanadiplomasia na baadhi ya watu wa miradi ya misaada ambao makubaliano ya serikali yamewasamehe. Wengine wote wanakatwa PAYE, kodi ya mapato inayotolewa kwenye mshahara kila mwezi, kama sisi. Mgeni aliyekaa Uganda siku 183 ndani ya miezi 12 anahesabiwa kuwa mkazi na anatumia jedwali lile lile la mwenyeji. Ambaye hajafikisha hana ile sehemu ya chini isiyokatwa kodi, yaani shilingi 235,000 za mwanzo za kila mwezi. Kwa mtu wa mshahara mkubwa tofauti ya majedwali hayo mawili ni shilingi 23,500 kwa mwezi. Haijazi hata tangi la pikipiki.

Mwingine alisema posho haikatwi kodi. Hili ndilo kosa linalowagharimu watu pesa. Posho ya nyumba, ya usafiri, ya chakula, ya simu, zikilipwa taslimu pamoja na mshahara, mbele ya Mamlaka ya Mapato zote ni mshahara. Posho ya safari ya kikazi ni jambo jingine: ukitumwa Gulu siku tatu, pesa ya kulala na kula haikatwi. Matibabu anayoyalipia mwajiri hayakatwi pia. Kuna waajiri wanaofanya ujanja wa kuita nusu ya mshahara "posho ya safari" kwa mtu ambaye hajavuka hata Jinja, na wakaguzi wakija, deni linamrudia mwajiri pamoja na faini. (Wabunge wetu walikuwa na njia fupi zaidi: mwaka 2016 walibadilisha sheria ya kodi ya mapato ili posho zao zisiguswe. Fundi wa Nakawa hana bunge.)

Sasa tuje kwenye hesabu, maana huko ndiko ugomvi ulikolala.

Chukua mwenyeji mwenye mshahara ghafi wa shilingi 5,000,000, posho zote zikiwa ndani. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2012, kila shilingi inayozidi 410,000 inakatwa asilimia 30, na inayozidi milioni 10 inaongezwa asilimia 10 juu yake. PAYE ya mtu huyu ni 1,402,000. NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, inachukua asilimia 5, yaani 250,000, na hesabu ya PAYE inapigwa kabla hiyo NSSF haijatoka, jambo ambalo watu hawaamini mpaka uwaonyeshe kwa kikokotoo. Mkononi anabaki na 3,348,000. Kati ya Julai na Oktoba kodi ya huduma ya halmashauri inapita pia, ingawa kwa mwaka mzima haizidi 100,000. Mwajiri anaongeza asilimia 10 yake ya NSSF, kwa hiyo mtu huyu anamgharimu 5,500,000.

Mgeni naye ameandikiwa milioni 5 kwenye mkataba. Milioni ni zile zile, ila mkataba wake unasema milioni 5 za kupokea mkononi, kodi ni juu ya kampuni. Hapo mimi wa mishahara nalazimika kuhesabu kinyumenyume, nitafute mshahara ghafi ambao makato yote yakitoka unabakiza milioni 5. Na kwa kuwa kodi anayolipiwa mfanyakazi nayo ni mapato yake, inakatwa kodi pia. Jibu ni shilingi 7,541,538. Ukiongeza NSSF ya mwajiri, kampuni inatoa karibu milioni 8.3.

Soma tena. Mikataba miwili inataja milioni 5, mmoja unaigharimu kampuni 5.5 na mwingine 8.3, na hatujagusa nyumba wala gari. Sehemu kubwa ya pengo lile la kwenye safu zangu zilizofichwa imetokana na sentensi moja tu: nani anabeba kodi. Mzee wa Bombo alipoajiriwa hakuna aliyemweleza kwamba swali hilo linaulizika.

Lakini nimewahi kukaa na huyo mhandisi pia, jioni, Ntinda, na upande wake una uzito. Mke wake alikuwa na kazi kwao. Hapa anakaa kwa pasi ya mtegemezi, na kuajiriwa kunataka kibali chake mwenyewe, kwa hiyo mishahara miwili ya nyumba imekuwa mmoja. Mkopo wa nyumba aliyoiacha unaendelea. Pensheni ya kwao imesimama. Watoto hawawezi kurukaruka kati ya mitaala kila baada ya miaka miwili, na shule zenye mtaala wao Kampala hutoza ada kwa dola. Kibali chake kimefungwa kwa mwajiri huyu, kazi ikiisha naye anafunga mizigo, wakati fundi wa hapa akifukuzwa Jumatatu anaweza kugonga mlango wa jirani Jumanne. Aliniambia, "Wakinilipa kama wenzangu wa hapa, narudi nyumbani kesho." Nilimwamini. Na kuna kazi, hasa kule kwenye uchimbaji wa mafuta, ambazo mwenye ujuzi wake utamwita kutoka mbali kwa bei anayoitaja yeye.

Kwa hiyo gharama ya kuhama ni halali. Tiketi ya ndege ya kumleta na kumrudisha, hata sheria ya kodi inaiondoa kwenye mapato yake, kwa sharti kwamba si raia, aliajiriwa akiwa nje na yuko hapa kwa ajili ya kazi hiyo tu.

Ninapogoma ni hapa. Kama posho ni ya kuhama, basi ihesabiwe kwa kuhama. Nenda Hoima, Kikuube au Buliisa, kwenye kambi zilizochipuka tangu kampuni za mafuta zilipotangaza uamuzi wa kuwekeza mwezi Februari 2022. Kijana wa Mbale au wa Bombo akipelekwa huko naye ameacha mke, naye analala kambini wiki kadhaa mfululizo, na mbu wa Ziwa Albert hawasomi pasipoti. Lakini nimeona kwa macho yangu jedwali la posho ya mazingira magumu lenye safu mbili, ya wageni na ya wenyeji, kambi moja, na ya kwanza ikiwa mara kadhaa ya ya pili. Hiyo haina uhusiano na mke aliyeacha kazi wala mkopo wa nyumba. Hiyo ni bei ya pasipoti. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inakataza ubaguzi kwa sababu ya asili ya taifa la mtu, na Katiba inazungumzia malipo sawa kwa kazi sawa. Mwajiri akisema "ni soko", sawa, soko linaeleza mshahara wa msingi. Halielezi mbu.

Wenye kampuni hujibu kwamba mgeni ni wa muda, yuko hapa kufundisha, na kweli sheria za mafuta zinawataka wenye leseni wawe na mpango wa kufundisha na kuajiri raia wa Uganda. Hoja nzuri kwenye karatasi. Ila kwa anayelipwa mara tatu kwa kuwa mwenzake "hajaiva", siku mwenzake akiiva ni siku ya kupoteza kazi. Sijui mwalimu mwenye haraka ya namna hiyo.

Halafu tuko sisi wa katikati. Mimi ni wa Mombasa. Kwa makubaliano yaliyopo, Mkenya hatozwi ada ya kibali cha kazi Uganda, ingawa kibali chenyewe lazima awe nacho. Basi kampuni haijui iniweke wapi. Kwa mshahara mimi ni mwenyeji, kwa likizo mimi ni mgeni, napewa nauli ya basi ya kupitia Malaba mara moja kwa mwaka. NSSF yangu ya hapa haiunganishwi na ile ya Kenya; nikiondoka moja kwa moja nitaidai kama mtu anayehama nchi. Bima yangu ni ya hospitali za Kampala, ya mhandisi inampeleka Nairobi kwa ndege, na Nairobi ndiko kwetu! Silalamiki sana. Mzee akisikia nalalamika huniuliza kama nauli ya Bombo naye atapewa.

Kuna kitu kimoja wageni hupewa ambacho mwenyeji angeweza kukipata bila kumnyang'anya mtu, nacho ni nyumba. Kampuni ikikupa pesa ya nyumba, zote zinakatwa kodi. Kampuni ikipanga nyumba yenyewe na kukuweka ndani, thamani inayokatwa kodi ni kodi ya pango ya soko au asilimia 15 ya mapato yako ya ajira pamoja na hiyo nyumba, iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Mwenye mshahara wa milioni 20 na nyumba ya milioni 7 anakatwa kodi kwa 4,050,000 tu badala ya 7,000,000, na kwa asilimia 40 ameokoa 1,180,000 kila mwezi. Ni halali kabisa, na haichagui uraia.

Nikampelekea mzee karatasi. Mshahara wake uko karibu na mfano wangu wa milioni 5, na ndani yake 1,200,000 ni posho ya nyumba. Kama kampuni ingempangia nyumba ya bei hiyo, thamani ya kodi ingekuwa 750,000, na PAYE yake ingeshuka kutoka 1,402,000 hadi 1,267,000. Shilingi 135,000 kwa mwezi. Nilimwambia na ubaya wake: NSSF hukatwa kwenye fedha taslimu, kwa hiyo akiba yake, sehemu yake na ya mwajiri pamoja, ingepungua kwa 180,000.

Aliisoma polepole, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua, kidole kikifuata tarakimu. Alipofika mwisho akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati.

"Hesabu ni nzuri, kijana wangu. Lakini mimi nyumba ninayo. Nimejenga mwenyewe, kule Bombo, kwa hiyo hiyo posho."