Barua niliyoificha kwenye droo

Mi niko Uingereza mwaka wa 19 sasa, na huku mwanamke akishavuka miaka 50 analetewa barua nyumbani, njoo upimwe kansa ya matiti, siku hii saa hii, bure, na inarudi kila baada ya miaka 3 mpaka ufike 71. Huulizwi una dalili gani. Yangu ya kwanza niliificha kwenye droo miezi minne, hata mume wangu sikumwambia, maana kila nikiiona namuona mama mdogo wa Tanga.

Mama mdogo alipata uvimbe akaufunika na kanga. Sisi tulishtuka alipoacha kumpakata mjukuu upande wa kushoto. Akasema ni jipu, akanywa miti shamba, akaombewa, mpaka anafikishwa Ocean Road, hospitali ya kansa ya Dar, titi lilishakuwa kidonda na madaktari wakabaki kumpunguzia maumivu tu. Msibani watu wakasema kansa haina dawa. Jamani, mama yule alichelewa, na alichelewa kwa sababu ya woga na aibu.

Siku nilipojikaza kwenda, gari la kupimia lilikuwa limepaki nje ya supamaketi. Aliyenipima ni mama wa makamo, aliona vidole vyangu vinashindwa kufungua vifungo, hakunihimiza, akasugua viganja vyake vipate joto kwanza ndo akanishika, akaniambia ukisema niache naacha. Mashine inalibana titi sekunde chache, inauma ndiyo, picha mbili kila upande basi umemaliza. Lakini nikatoka pale nikapanda basi peke yangu na wiki mbili za kusubiri majibu nikazimaliza peke yangu, na hilo ndo linanifanya niseme huku wametuzidi kwa barua na mashine ila kwa kusindikizana hawatufikii, sasa mbona kwenye hili hatusindikizani? Mtu akijifungua tunajaa wodini, akifiwa tunalala chini wiki nzima, ila wa kupima titi anaenda kimya kimya kama kaiba, akithubutu kusema anaambiwa unajitafutia ugonjwa. Halafu anafika hospitali nesi anaita kwa sauti koridoni "wa matiti mko wapi!" Wangapi wanageuza hapo hapo?

Mwaka jana mdogo wangu kanipigia usiku analia, kagusa kitu kama punje ya harage. Nikamwambia kesho unaenda na huendi peke yako. Nikampigia wifi, akafunga genge lake akaenda naye. Wakampiga ultrasaundi, wakachukua kinyama cha pale kwenda kukipima, na siku zote za kungoja majibu wifi alikuwa analala pale pale kwake, wanapika, wanapiga stori, mi niko kwenye simu.

Majibu yakatoka, si kansa. Sasa wifi kasema na yeye anataka kupimwa, wamepanga Jumanne, na safari hii mdogo wangu ndo atashika mkoba.