Manyani Wangu Wawili

Juzi umeme umekatika Mwanga nzima, hapa Kigoma mjini, nikaanza kupekua sanduku kutafuta mshumaa. Mshumaa sikuupata. Nikapata Adili na Nduguze, kitabu cha Shaaban Robert, jalada limeliwa na mende. Nikawasha tochi ya simu, nikasema leo narudi utotoni bila nauli.

Kumbe utotoni nilikuwa naruka kurasa. Darasa la sita ningekuapia kwamba hadithi inaanza na manyani. Wapi! Inaanza na kodi. Mfalme Rai wa Ughaibuni anamtuma Ayari kwenda Janibu kwa Adili, mtawala wa huko, kufuatilia kodi iliyochelewa. Mtu una genge la nyanya, kutwa nzima unamkwepa kijana wa mashine ya ushuru, usiku unafungua kitabu cha majini upumzike, unakutana naye humo humo!

Haya, manyani. Adili anao wawili, kila usiku anawachapa, kisha anawalisha kwa huruma. Niliwalilia sana hao wanyama. Safari hii sikutoa hata chozi. Maana wale ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu. Mwanao umwite Hasidi, halafu utegemee awe shemasi? Shaaban Robert alifariki 1962, la sivyo ningempigia kumuuliza. Baba yao alipokufa wakagawana urithi, wao wakapoteza wa kwao, Adili akawamegea na wake. Shukrani yake? Wakamtupa baharini. Ndipo jini Huria akawageuza manyani.

Hapo nikaacha kusoma kidogo, nikapumua. Mimi nina wadogo wawili.

Mmoja alinijia mwanzoni mwa Mei 2024. "Shikamoo kaka. Nipe mtaji wa dagaa, wanalipa kweli." Nikatoa laki tatu, hela ya mabati. Tarehe 15 serikali ikafunga uvuvi Ziwa Tanganyika, miezi mitatu, samaki wazaliane. Agosti ziwa likafunguliwa. Samaki huenda walizaliana. Laki tatu yangu ndiyo imekuwa tasa hadi leo. Wa pili yuko Kasulu, aliazima baiskeli ya kwendea harusini. Imerudi kengele.

Sasa Huria wangu yuko wapi? Kigoma hii tuna sokwe Gombe, tuna sokwe Mahale, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunikopa. Wala mimi sitaki kumchapa mtu, bega lenyewe linauma. Wageuzwe wiki moja tu, nipumzike, maana nyani hana laini ya simu. Tatizo ni kule kulisha. Adili ni mtawala, ana jiko kubwa. Mimi nilishe manyani wawili kwa bei hii ya ndizi?

Nikajikuta nacheka peke yangu gizani. Mke wangu akageuka. "Baba Zuhura, kuna nini?" Nikamsimulia yote, mpaka kengele ya baiskeli. Akanisikiliza vizuri, akavuta shuka.

"Na kaka yangu wa Tabora," akasema, "ile hela ya cherehani uliyomkopa mwaka juzi, umemrudishia?"

Nikaangalia simu, chaji asilimia nne. Nikamwambia tulale, tochi itatuzimikia. Alipoanza kukoroma nikapeleka mkono nyuma polepole, nikajipapasa chini ya kiuno, kuhakikisha.